Sura ya Sita: Ni Mmea Mmoja au Mitatu?

Swali hili huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mtoto aliyetumwa kuchuma matembele, akarudi na fungu ambalo nusu yake bibi yake anaitupa. Wa pili ni mwalimu wa baiolojia aliyewatoa wanafunzi nje ya darasa wakaangalie mimea inayotambaa kwenye ua wa shule. Wote wawili wameona jambo lilelile. Jani hili lina umbo la moyo, la pili lina ncha tatu, la tatu limechanwa hadi karibu na kikonyo. Maua nayo hayasaidii: moja jeupe, jingine la zambarau, jingine la manjano hafifu lenye doa jeusi kooni. Sasa ni mmea mmoja wenye tabia nyingi, au ni mimea mitatu iliyochanganyikana?

Katonga ni mahali pazuri pa kulichambua swali hilo. Ni mwalo wa wavuvi ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mbele kuna maji na mitumbwi, kisha mchanga na vichanja vya dagaa, kisha nyumba, na nyuma ya nyumba nyua, matuta ya viazi vitamu na vichaka visivyo na mwenyewe. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi karibu na Mei, na katika miezi hiyo chochote chenye uwezo wa kutambaa hutambaa. Kilichopandwa na kilichojiotea hukutana kwenye kijiti kimoja cha ua.

Jibu fupi ni kwamba inaweza kuwa mmoja, inaweza kuwa mitatu, na kwamba jani, kitu cha kwanza kila mtu anachokiangalia, ndilo lenye ushahidi dhaifu kuliko vyote. Sura hii inaeleza kwa nini, na nini kiangaliwe badala yake. Mwishoni tutamkuta mtu anayetumia jani hilohilo kila msimu na kupatia.

Kwanza, je, ni wa ukoo huu?

Wataalamu wa mimea huanza kwa kupanga mimea katika familia, yaani makundi makubwa yenye asili moja. Ndani ya familia kuna jenasi, kundi dogo zaidi la jamaa wa karibu, na ndani ya jenasi kuna spishi, yaani aina moja inayozaana yenyewe kwa yenyewe. Mimea yetu ya Katonga ni ya familia iitwayo Convolvulaceae, yenye spishi karibu 2,000 duniani. Jenasi yake kubwa kuliko zote ni Ipomoea, na kiazi kitamu ni mwanachama wake: jina lake la kisayansi ni Ipomoea batatas.

Kuutambua ukoo si kazi ngumu. Petali, vile vipande vya rangi vya ua, zimeungana zote zikafanya tarumbeta. Ua likiwa bado kitumba limesokotwa. Majani yanatoka moja moja, kushoto kisha kulia, wala hayatoki mawili mawili yakitazamana. Mmea hupanda kwa kujizungusha wenyewe, hauna vikono vya kushikia kama mboga za jamii ya maboga. Ukiukata, mara nyingi hutoa utomvu mweupe.

Mmea mmoja huwadanganya wengi: Thunbergia alata, mzaliwa halisi wa Afrika Mashariki, wenye ua la rangi ya chungwa na jicho jeusi. Unatambaa na una ua la kufanana na tarumbeta, lakini majani yake yanatazamana mawili mawili, na chini ya ua kuna vijani viwili vikubwa vilivyolikumbatia. Huo ni wa ukoo mwingine kabisa. Kinyume chake, Cuscuta, ule mmea usio na majani unaofunika vichaka kwa nyuzi za manjano na kuvifyonza, hauonekani kuwa na uhusiano wowote na kiazi, na kumbe ni wa familia hii hii.

Jani kigeugeu

Tuanze na viazi, kwa kuwa kila mtu ameviona. Chukua matuta ya mashamba matatu yaliyopakana. Katika shamba la kwanza majani ni mapana kama moyo. La pili yana ncha tatu. La tatu yamegawanyika vipande vitano vyembamba. Mgeni atasema ni mimea mitatu. Mkulima atasema ni viazi, tena atataja majina ya mbegu zote tatu. Mkulima ndiye aliye sahihi. Spishi ni moja, na inabeba maumbo hayo yote.

Kuna sababu nne, na hazifanyi kazi kwa namna moja. Ya kwanza ni urithi. Kwa jamaa mmoja wa kiazi huko Amerika, Ipomoea hederacea, imethibitika kwamba jeni moja tu, yaani chembe moja ya urithi, ndiyo inayoamua jani liwe zima au liwe na ncha tatu. Mimea miwili ya mama mmoja inaweza kutofautiana hivyo kama ndugu wawili wanavyotofautiana nywele. Ya pili ni umri: majani ya kwanza ya mche mara nyingi hayafanani na yale yatakayotoka baadaye kwenye rando hilohilo. Ya tatu ni mwanga, kwa kuwa jani la kivulini mara nyingi hutanuka kuliko la juani.

Ya nne ni ugonjwa, na hii husahaulika sana. Kiazi kitamu hushambuliwa na virusi viwili vinavyofanya kazi kwa kushirikiana, kimoja kikisambazwa na vidukari, kingine na nzi weupe. Vikikutana katika mmea mmoja, majani hudumaa, hukunjamana, huwa membamba na kupauka. Anayepita haraka anaweza kuapa kwamba ameona mbegu mpya, kumbe ameona mgonjwa.

Hata hivyo jani halitupwi moja kwa moja. Ipomoea cairica, mtambaa wenye maua ya zambarau unaopandwa kwenye nyua na kujiotea kando ya njia katika sehemu nyingi za Afrika, una jani lililogawanyika vipande vitano kama vidole. Hilo peke yake halitoshi, maana kuna spishi nyingine zenye vidole vitano. Ila chini kabisa, pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina, huwa kuna vijani vidogo sana vyenye umbo lilelile la vidole. Ukiviona, umeshika alama nzuri. Umbo la jani linadanganya. Vitu vidogo vinavyolizunguka mara nyingine vinasema kweli.

Na rangi ya ua?

Rangi nayo inadanganya, kwa sababu inabadilika mbele ya macho yako. Ipomoea indica, ule mtambaa wa bustanini wenye maua makubwa ya buluu, hufungua buluu alfajiri na kufikia jioni umenyauka ukielekea waridi. Aliyepita saa moja asubuhi na aliyepita saa kumi alasiri watabishana bure.

Kinachotokea kimechunguzwa vizuri kwa ndugu yake, Ipomoea tricolor. Rangi ya petali hutokana na kemikali iitwayo anthosianini, na kemikali hiyo hubadili sura kulingana na ukali wa maji yaliyo ndani ya seli. Kitumba kikiwa na wekundu wa zambarau, maji hayo yana kipimo cha asidi cha karibu 6.6. Ua likifunguka kipimo hupanda hadi karibu 7.7, asidi inapungua, na kemikali ileile inageuka buluu. Hakuna rangi mpya iliyotengenezwa.

Nchini Japani, Ipomoea nil ilipandwa kwa mapambo kwa karne nyingi, na wapenzi wake wakapata maua ya madoadoa, ya mistari, yaliyochanika, hata yasiyofanana na tarumbeta tena. Chanzo cha mengi ya mageuzi hayo ni vipande vya urithi vinavyohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine ndani ya seli na kuvuruga jeni vinapotua. Wajapani walikuwa na mamia ya sura za mmea mmoja, na bado ulikuwa mmea mmoja.

Kinachobaki

Mvuvi wa Katonga hatenganishi mgebuka mchanga na dagaa kwa ukubwa, kwa kuwa ukubwa ni suala la umri. Mgebuka, hata akiwa mdogo kama kidole, ana miiba kwenye pezi la mgongoni, dagaa hana. Mtu wa mimea naye anatafuta mwiba wa namna hiyo, sifa isiyojali mvua, kivuli wala umri. Kwa ukoo huu sifa hizo ziko chini ya ua na ndani yake:

• Sepali. Ni vile vijani vitano vya kijani vinavyoshika ua kwa chini. Tazama urefu wake, ncha yake, kama vyote vitano vinalingana, na kama vina vinyweleo. Ipomoea nil na Ipomoea purpurea zinafanana sana kwa ua, lakini sepali za nil huishia kwa ncha ndefu nyembamba, za purpurea ni fupi.
• Stigma. Ni kile kichwa kidogo katikati ya ua kinachopokea chavua, ule unga wa kurutubishia. Kwa kiazi na jamaa zake wengi kina vinundu viwili. Kwa nil na purpurea vinundu ni vitatu.
• Mbegu. Subiri tunda likauke, lipasue, uhesabu. Lenye stigma ya vinundu viwili kwa kawaida lina nafasi ya mbegu nne; la vinundu vitatu, sita. Baadhi zinaweza kufa njiani, kwa hiyo pasua matunda mengi.
• Nywele za mbegu. Mbegu za Ipomoea cairica zina manyoya marefu pembeni. Nyingine zina vinyweleo vifupi, nyingine ni tupu.
• Chavua. Hii inahitaji hadubini, lakini ndiyo iliyoleta mapinduzi. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Hans Hallier, aliipanga familia nzima kwa kuangalia kama punje za chavua zina miiba au ni laini. Ipomoea zina miiba. Jenasi ya Merremia, ambayo watu wengi wangeiita Ipomoea bila kufikiri, ina chavua laini.

Katika hizo zote, kama una nafasi ya moja tu, hesabu mbegu. Haihitaji kifaa, haihitaji Kilatini, na hata mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Kwa ufupi hadi hapa: jani na rangi vinabadilika ndani ya spishi moja, sepali, stigma, mbegu na chavua vinabadilika kidogo. Mimea miwili ya majani tofauti yenye mambo hayo manne sawa, ishuku kuwa mmoja. Mimea miwili ya majani sawa inayotofautiana stigma, ni miwili bila shaka.

Pale mpaka unapokuwa ukungu

Laiti ingeishia hapo. Kuna mmea mmoja mwembamba, Ipomoea obscura, unaotambaa kwenye nyasi, nyua na mashamba yaliyoachwa katika nchi za joto, kuanzia Afrika hadi Asia na kaskazini mwa Australia. Ua lake ni dogo, lina upana wa sarafu tu. Mahali fulani ni jeupe, mahali pengine ni la rangi ya maziwa, pengine la manjano, na koo lake linaweza kuwa na doa la zambarau iliyokolea au lisiwe nalo. Shina lina vinyweleo, au halina. Linnaeus, Msweden aliyeanzisha utaratibu wa majina mawili ya Kilatini, aliuita Convolvulus obscurus; mwaka 1817 ukahamishiwa Ipomoea. Una jamaa wa karibu, Ipomoea ochracea, wenye ua la manjano, na mtu mwenye kipande kikavu mkononi anaweza kusita muda mrefu kati ya hao wawili.

Hapa hakuna sifa moja ya kukuokoa. Swali lenyewe inabidi ligeuke. Badala ya kuuliza ua ni la rangi gani, uliza: je, sifa zinatembea pamoja? Tuseme umekusanya mimea mingi kutoka mwalo hadi mlimani. Ikiwa kila penye ua la manjano pana pia sepali kubwa na shina lenye vinyweleo, na kila penye ua jeupe pana sepali ndogo na shina tupu, na hukupata wa katikati, una spishi mbili. Ikiwa manjano inaandamana leo na vinyweleo, kesho na shina tupu, na rangi inapauka hatua kwa hatua kutoka kijiji hadi kijiji, una spishi moja isiyotulia.

Ushahidi mzito zaidi ni wa majirani. Mimea miwili ikiishi kwenye ua mmoja, ikachanua msimu mmoja, ikatembelewa na nyuki walewale, na bado isizae watoto wa katikati, basi kuna kitu kinachoitenganisha hata kama macho hayakioni. Ndiyo maana ua wa Katonga wenye mimea mitatu kwenye kijiti kimoja una thamani kuliko sampuli tatu zilizookotwa mikoa mitatu. Tofauti ya mikoa inaweza kuwa udongo na hewa. Tofauti kwenye kijiti kimoja haiwezi.

Karatasi, gazeti na herufi T4

Ukusanyaji wenyewe una adabu yake. Mengi ya maua haya hunyauka kabla ya adhuhuri na kujikunja, kwa hiyo huchumwa asubuhi na kubanwa palepale kati ya kurasa za gazeti. Yakikauka rangi inapotea, na ndiyo maana mkusanyaji mzuri huandika rangi, saa, mahali na mazingira kabla hajaondoka. Sampuli isiyo na maelezo hayo ni jani kavu tu. Na ukivuka kwenda Gombe, kaskazini mwa Kigoma, usichume kitu bila kibali. Hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 1968.

Pwani hii haikuanza kukusanywa jana. Verney Lovett Cameron, mpelelezi Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, alikusanya mimea kandokando ya Ziwa Tanganyika, na sampuli zake zikaishia Kew, karibu na London. Huko kuna moja ya hebaria kubwa duniani, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kuandikwa. Afrika Mashariki nayo ina zake: ile ya Nairobi, ambayo mizizi yake iko Amani, milima ya Usambara, wakati wa Wajerumani, ya Arusha, na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mtu aliyeupanga ukoo huu kwa eneo letu ni Bernard Verdcourt. Alifanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia Kew, na sehemu ya Convolvulaceae aliyoiandika ilitoka mwaka 1963 katika mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mfululizo huo ulianza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, ukiwa na zaidi ya spishi 12,000. Ndani yake Tanzania Bara imegawanywa kanda nane, T1 hadi T8, na Kigoma iko T4. Ukiona T4 mbele ya jina la mmea, maana yake kuna karatasi ghalani inayothibitisha kwamba mtu aliuchuma upande huu wa magharibi. Usipoiona, huenda mmea haupo. Au hakuna aliyepita nyuma ya mwalo akiwa na gazeti.

Vinasaba navyo vimeingia, na vimevuruga mambo kwa namna yenye faida. Vinasaba ni yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli. Vimeonyesha kwamba jenasi kadhaa zilizotengwa kwa sura, ikiwamo Astripomoea ya Afrika yenye vinyweleo vya umbo la nyota, zimechipuka kutoka ndani ya Ipomoea yenyewe. Timu ya Oxford iliyopitia Ipomoea za Amerika ilichapisha mwaka 2020 kitabu chenye spishi 425; baadhi ya zilizokuwa mpya zilikuwa zimelala ghalani miaka mingi zikiwa na jina lisilo lao. Afrika bado inasubiri kazi ya ukubwa huo.

Anayetumia jani na kupatia

Sasa turudi kwa mkulima, ambaye tulimwacha akitaja mbegu zake tatu kwa kuangalia majani. Kama jani ni shahidi dhaifu, mbona yeye hakosei?

Kwa sababu anapanga kitu kingine. Viazi vitamu havipandwi kwa mbegu za ua. Vinapandwa kwa marando, vipande vya mmea wenyewe. Kwa hiyo shamba zima la mbegu moja, pamoja na la jirani aliyeomba marando mwaka jana, na la shemeji yake aliyeko Uvinza, ni mmea mmoja uliokatwakatwa na kuendelea kuishi. Urithi wake haukuchanganyika na wa mwingine. Jani linaloyumba ndani ya spishi linatulia ndani ya mbegu moja, ikiwa hakuna ugonjwa na ukilinganisha majani ya umri mmoja. Mwanasayansi anauliza: hawa ni wa ukoo gani? Mkulima anauliza: huyu ni yuleyule wa mwaka jana? Kwa swali la pili jani linatosha, likisaidiwa na rangi ya ngozi na nyama ya kiazi.

Na kiazi kitamu huchanua. Ukiona tarumbeta la zambarau hafifu juu ya tuta, hilo ni ua lake halali. Mara nyingi halizai mbegu kwa chavua yake lenyewe. Linahitaji chavua ya mbegu nyingine. Nyuki akivuka kutoka tuta hadi tuta, tunda dogo hukauka, mbegu hudondoka, na mvua zikirudi mche unaota ambao haujawahi kuwapo duniani, wenye jani lake na kiazi chake. Wengi hupaliliwa pamoja na magugu. Wachache huachwa na mtu aliyekuwa na hamu ya kuona kitakachotokea.

Baadhi ya mbegu zenye jina zilianzia hapo, mikononi mwa wakulima. Ejumula, yenye nyama ya rangi ya chungwa, ilikuwa mbegu ya wakulima wa Uganda kabla ya kutambuliwa rasmi mwaka 2004. Nyingine, kama Kabode, zilitokana na kazi ya watafiti wa Uganda akiwamo Robert Mwanga, mmoja wa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016. Njia yao ni ileile ya nyuki, isipokuwa wao huchagua wazazi, hukuza miche kwa maelfu, kisha hupita mstari hadi mstari wakitupa karibu yote. Na miongoni mwa mambo wanayoandika kwenye daftari wanapotofautisha mche na mche ni umbo la jani: ncha ngapi, na zimeingia ndani kiasi gani.